Volti, ampia, omu na wati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni umeme wa majumbani, na kila mwaka napokea vijana wanaojifunza ufundi. Maswali yaliyo hapa wameniuliza wao, wameniuliza wateja, na mengine yameletwa na wanafunzi wa sekondari wanaokuja jioni na madaftari yao mtihani ukikaribia. Mifano mingi nimeitoa kwenye kifaa kimoja: birika la umeme la lita 1.7, lile ambalo karibu kila nyumba yenye umeme inalo. Ukilielewa birika hilo vizuri, pasi, hita na jiko hazitakusumbua.

Nina volti na ampia. Ukinzani naupataje?

Gawanya volti kwa ampia. Jibu linakuja kwa omu, kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho kifaa kinauzuia mkondo wa umeme.

R = V ÷ I

Mfano: birika limewashwa, volti zinazolifikia ni 220, mkondo unaopita ni ampia 8.4. Basi 220 ÷ 8.4 = 26.2. Ukinzani wa birika ni omu 26.2.

Sharti lake ni hili: volti na ampia ziwe za kifaa kilekile, kwa wakati uleule. Nimeona vijana wakipima volti asubuhi kwenye soketi ya sebuleni, wakapima ampia jioni jikoni, kisha wakagawanya. Umeme wetu hautulii. Asubuhi soketi inaweza kusoma 235 na saa mbili usiku ikasoma 195. Ukichukua namba moja ya asubuhi na nyingine ya usiku, utapata omu ambazo hazimo kwenye kifaa chochote.

Na wati je?

Hapo unazidisha.

P = V × I

220 × 8.4 = 1848. Birika linakula wati 1848.

Ukishaujua ukinzani unaweza kupita njia nyingine mbili: P = I² × R, au P = V² ÷ R. Zote zimetoka kwenye kanuni zile mbili za juu, si kitu kipya cha kukariri. Mimi huzitumia kujihakiki. 8.4 × 8.4 × 26.2 inatoa 1849. 220 × 220 ÷ 26.2 inatoa 1847. Tofauti ya wati moja au mbili imetokana na kukata desimali. Tofauti ikiwa ya mamia, rudi ukapime upya, usianze kulaumu kikokotoo.

Birika langu limeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Wati za kweli ni zipi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limeandikwa chini ya birika na hakuna anayelisoma.

Watu wengi hudhani mtengenezaji hakuwa na uhakika, akaandika "kati ya hapa na hapa". Sivyo. Geuza birika, chukua kalamu. Kwa volti 220 anasema wati 1850: ukinzani ni V² ÷ P, yaani 48,400 ÷ 1850 = 26.2. Kwa volti 240 anasema wati 2200: 57,600 ÷ 2200 = 26.2. Namba ni ileile! Ndani ya birika mna hita moja tu ya omu 26.2. Mtengenezaji hawezi kujua wewe utaichomeka kwenye umeme wa volti ngapi, kwa hiyo amekupa majibu ya pande zote mbili za hesabu moja.

Sasa unaweza kujijazia katikati mwenyewe. Volti 230, ambazo ndizo zinazotajwa kuwa kiwango chetu Tanzania: 52,900 ÷ 26.2 = wati 2019. Volti 180, ambazo hazijaandikwa popote lakini mtaani kwetu tunazijua usiku: 32,400 ÷ 26.2 = wati 1237.

Angalia kinachotokea hapo. Volti zimeshuka kutoka 230 hadi 180, yaani zimepungua kama asilimia 22. Wati zimepungua karibu asilimia 39. Hii ni kwa sababu volti zikishuka, ampia nazo zinashuka pamoja nazo, na wati ni zao la zote mbili. Ndiyo maana umeme ukidhoofika kidogo tu, birika linachelewa sana.

Umeme ukiwa mdogo, birika si linakula yuniti nyingi zaidi kwa kuwa linachelewa?

Hapana, na hesabu inaonyesha. Kuchemsha lita 1.7 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji nishati ya jouli 534,000 hivi, umeme uwe na nguvu usiwe na nguvu. Maji hayajui volti. Kwa wati 2019 utasubiri dakika nne na sekunde 24. Kwa wati 1237 utasubiri dakika saba na ushee. Ukizidisha wati kwa muda, pande zote mbili unapata kitu kilekile: takriban yuniti 0.15 (yuniti moja ni jouli 3,600,000). Kinachoongezeka ni joto dogo linalotoroka kwenye kuta za birika kwa dakika hizo za ziada.

Friji na pampu ni habari nyingine. Mota yenye mzigo ikipewa volti chache haipunguzi kazi kwa hiari kama hita. Inavuta mkondo mkubwa zaidi ili iendelee kuzunguka, na koili zake zinapata moto. Ikishindwa kabisa kuanza kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa sana huku imesimama, na hapo ndipo mota nyingi huungua. Umeme ukiwa mdogo chai pika, friji zima.

Kanuni moja inasema ukinzani mkubwa unaleta joto zaidi (I²R), nyingine inasema unaleta joto kidogo (V²/R). Nimwamini nani?

Amini zote mbili, ila jiulize kwanza: kitu gani hakibadiliki?

Kifaa kilichochomekwa soketini kinapewa volti zilezile hata ukinzani wake uwe wowote. Hapo tumia V² ÷ R: ukinzani ukipungua, joto linaongezeka. Chukua jiko la koili la wati 1000. Kwa volti 230 ukinzani wake ni omu 52.9. Koili ikikatika, fundi wa haraka anaivuta, anazisokota ncha mbili pamoja na kukirudishia jikoni kipande kilichobaki. Tuseme robo imepotea. Ukinzani sasa ni omu 39.7, mkondo unapanda kutoka ampia 4.3 hadi 5.8, na wati zinakuwa 1332. Mwenye jiko anafurahi kwa wiki mbili kwamba jiko "limekuwa kali". Kisha linakatika tena, kwa sababu waya ule haukutengenezwa kubeba joto hilo.

Lakini kiungo cha waya, mguu wa plagi, au waya wenyewe ulioko njiani kuelekea kwenye birika, mkondo wake umeamuliwa na birika. Kiungo hakina sauti. Ampia 8.4 zitapita tu. Hapo tumia I² × R: kadiri ukinzani wa kiungo unavyokuwa mkubwa, ndivyo kinavyochemka. Ukishika tofauti hii, hutachanganyikiwa tena na zile kanuni mbili.

Sasa mbona kichwa cha ekstensheni kinachemka na birika lenyewe ni zima?

Nitaeleza kwa nyumba moja niliyoitwa. Mama mwenye nyumba alisema ananusa harufu ya plastiki kila akichemsha maji ya chai. Birika lilikuwa limechomekwa kwenye ekstensheni ya mita tano. Plagi ya ekstensheni ilikuwa nyeupe, lakini kuzunguka mguu mmoja palikuwa na duara la rangi ya kahawia, kama maandazi yaliyokaa kwenye mafuta muda kidogo kupita kiasi. Niliigusa: ilikuwa ya moto kiasi cha kutaka kuondoa mkono.

Nikapima birika likiwa linafanya kazi. Kwenye soketi ya ukutani, volti 229. Kwenye tundu la ekstensheni ambako birika limechomekwa, volti 220. Mkondo, ampia 8.4. Zile volti tisa zimepotelea njiani, na kanuni ni ileile ya mwanzo: 9 ÷ 8.4 = omu 1.07. Huo ni ukinzani wa njia nzima, kwenda na kurudi. Joto lake: 9 × 8.4 = wati 76 hivi.

Je, zote ziko kwenye waya? Waya wa ekstensheni ile ulikuwa wa milimita mraba 0.75, ambao una takriban omu 0.026 kwa kila mita. Mita tano kwenda na tano kurudi ni mita kumi, yaani omu 0.26. Zimebaki omu 0.81 ambazo waya hauzijui. Hizo ziko kwenye viungo: 8.4 × 8.4 × 0.81 = wati 57, zimekusanyika kwenye vidoa vya chuma vidogo kuliko punje ya mahindi. Pasi ya kuyeyushia risasi anayotumia fundi redio huwa na wati 40. Kwa hiyo ndani ya plagi ile ya plastiki palikuwa na joto linaloweza kuyeyusha risasi.

Nilipoifungua, skrubu ya mguu mmoja ilikuwa imelegea na nyuzi za waya zimeshikwa tatu tu, nyingine zimekaa pembeni. Nikakata sehemu iliyoungua, nikafunga plagi mpya, nikakaza skrubu. Kupima tena: volti zilizopotea zilikuwa mbili na ushee. Birika lilikuwa lilelile, na waya uleule.

Fyuzi haikukatika wakati wote huo, na haikuwa na sababu ya kukatika. Fyuzi inaangalia ampia, na ampia zilikuwa 8.4, halali kabisa kwa fyuzi ya 13. Kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo, kinaupunguza kidogo. Usingoje fyuzi au sakiti breka ikuambie kwamba plagi inaungua. Tumia mkono na pua.

Nitapimaje ampia bila kujiunguza?

Volti unapima mita ikiwa imegusa pande zote mbili za kifaa, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Ampia za kawaida zinapimwa kwa kukata njia na kuipitisha ndani ya mita, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Mita ikiwa kwenye tundu la ampia ina ukinzani mdogo karibu na sifuri. Ukiisahau hapo kisha ukaenda "kupima volti" kwenye soketi, umepiga shoti kwa mikono yako. Mita inaweza kupasuka usoni.

Kwa umeme wa nyumbani tumia mita ya kubana, ile yenye taya inayozungushiwa waya bila kukata chochote. Ila bana waya mmoja tu. Ukibana waya mzima wa birika wenye laini na nyutro pamoja, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na mita inasoma sifuri. Vijana wangu wote wamewahi kuniambia "fundi, mita imekufa" kwa sababu hii. Mimi natembea na kipande cha ekstensheni cha nusu mita ambacho nimekichuna ganda la nje, nyaya za ndani zikabaki na maganda yake zimeachana. Nachomeka kifaa hapo, nabana waya wa laini peke yake, nasoma.

Omu unapima kifaa kikiwa kimechomolewa. Kikiwa na umeme unaua mita, na jibu litakuwa la uongo kabla haijafa.

Sina mita yoyote. Kuna njia?

Ipo, na iko ukutani kwako. Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1000, umekula yuniti moja. Kwa hiyo kila ikipepesa mara moja, umetumia jouli 3600.

Zima kila kitu nyumbani, taa zote, friji, chaja, hadi taa ile isimame. Washa birika peke yake. Anza kuhesabu sekunde taa inapopepesa, na pepeso hilo la kwanza liite sifuri. Tuseme limefika pepeso la kumi baada ya sekunde 18. Jouli 36,000 kwa sekunde 18 ni wati 2000. Kama mita yako imeandikwa 1600, kila pepeso ni jouli 2250, tumia hiyo.

Sasa chukulia volti ni 230: ampia ni 2000 ÷ 230 = 8.7, na ukinzani ni 230 ÷ 8.7 = omu 26.4. Hukushika waya wowote. Kwa wasichana na wavulana wa sekondari wanaotaka jaribio la kufanya nyumbani, sijui lililo zuri na salama kuliko hili, mradi mzazi akubali kuzimiwa friji dakika tano.

Nimepima balbu ya zamani ya wati 100 kwa mita, imesoma omu 40. Kikokotoo kinasema 529. Nani kakosea?

Hakuna. Umepima balbu ya baridi, kikokotoo kimehesabu balbu inayowaka. Ule uzi wa ndani ni wa tangsteni, na ukiwaka unafika nyuzijoto zaidi ya 2000. Ukinzani wa metali unapanda na joto, na kwa joto kubwa namna hiyo unapanda zaidi ya mara kumi. Omu 40 ni za kweli, lakini ni za sehemu ndogo ya sekunde ya kwanza tu. Sekunde hiyo balbu inavuta karibu ampia sita badala ya 0.43, ndiyo maana balbu hizi hupenda kuungua pale pale unapowasha swichi.

Hita ya birika imetengenezwa kwa nikromu, aloi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana na joto. Kwa hiyo birika la omu 26 linasoma karibu 26 likiwa la baridi na likiwa la moto, na unaweza kuliamini.

Georg Simon Ohm, mwalimu wa sekondari kule Köln, Ujerumani, aliyeigundua kanuni hii na kuichapisha kwenye kitabu mwaka 1827, alihangaika na jambo la aina hiihii. Betri za wakati ule zilikuwa zinadhoofika huku akipima, namba hazikubaliani. Akaziacha, akaunganisha shaba na bismuthi, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate umeme mdogo lakini usioyumba. Alipotuliza volti, namba zake zikatulia. Kwa hiyo ukiona jibu lako linahama, angalia kwanza nini kimebadilika kati ya kipimo kimoja na kingine, joto au volti.

Feni yangu inavuta ampia 0.3 kwa volti 230. Ni wati 69, lakini mita ya wati inasoma 55. Kwa nini?

Kwa sababu umeme wa nyumbani unageuka mwelekeo mara 50 kwa sekunde na kurudi, na kwenye mota mkondo unachelewa kidogo nyuma ya volti. Kilele cha kimoja hakikutani na kilele cha kingine, kwa hiyo V × I inazidi nguvu halisi. Wati halisi ni V × I × pawa fakta. Kwa feni hii pawa fakta ni 55 ÷ 69, yaani 0.8 hivi. Kwa birika, pasi na hita ni 1, ndiyo maana hesabu zetu za mwanzo zimekubali bila shida. Taa za LED za bei nafuu huwa hata 0.5.

Kwa sababu hiyohiyo usipime omu za koili ya friji ukagawanya volti kwa hizo omu. Utapata ampia za kutisha ambazo friji haivuti ikishaanza kuzunguka.

Chaja ya simu imeandikwa input 100–240V 0.35A. 240 × 0.35 ni wati 84! Ndiyo inayomaliza umeme wangu?

Hapana. Ile 0.35 ni mkondo wa juu kabisa ambao chaja inaweza kuuvuta, na unatokea volti zikiwa chache, si zikiwa 240. Angalia mstari wa output: 5V 2A. 5 × 2 = wati 10. Ongeza kidogo kwa joto la chaja yenyewe. Tafuta mwizi wa yuniti kwenye hita na pasi.

Waya wa unene gani kutoka mein swichi hadi jikoni?

Hesabu ukinzani wa njia kabla ya kununua. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una takriban omu 0.0121 kwa mita, wa 2.5 una omu 0.0074. Jikoni kukiwa mita 30, njia ni mita 60. Kwa waya wa 1.5 unapata omu 0.73, birika la ampia 8.7 litapoteza volti 6.3 na wati 55 ukutani. Kwa wa 2.5 ni omu 0.44, volti 3.9, wati 34. Ndiyo sababu soketi tunazipa 2.5 na kuiacha 1.5 kwa taa.

Namba hizo ni za shaba halisi. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, urudishe dukani. Ukinzani wa alumini ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, na ncha zake hulegea kwenye skrubu. Umeona hapo juu skrubu iliyolegea inafanya nini.

Nina sola ya volti 12. Mbona kifaa hakifanyi kazi chumba cha mbali?

Friji ndogo ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampia 5. Waya wa 1.5 wa mita kumi una omu 0.24 kwenda na kurudi: 5 × 0.24 = volti 1.2 zimepotea, kati ya 12 tu. Friji inabaki na 10.8 na inaweza kukataa kuwaka kabisa. Wati 60 hizohizo kwa volti 230 zinavuta ampia 0.26, na waya huohuo ungepoteza volti 0.06, ambazo hakuna mtu angeziona. Kwenye volti 12 weka betri karibu na mzigo, au nunua waya mnene. Nguvu ya paneli haitakusaidia hapo.

Mwili wangu una omu ngapi?

Ngozi kavu inaweza kuwa na makumi ya maelfu. Ngozi iliyolowa, mtu yuko peku kwenye sakafu ya bafu, hushuka hadi kama omu 1000. 230 ÷ 1000 = ampia 0.23, yaani miliampia 230. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile yenye kitufe cha T, imeandikwa 0.03A kwa sababu maisha ya mtu yanahitaji ikatike kwenye miliampia 30, tena haraka. Sakiti breka ya ampia 20 haitakuona kabisa. Kwake ampia 0.23 ni sawa na balbu moja. Kwa hiyo nyumba yenye hita ya kuogea bila swichi hiyo na bila ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), mimi siiwashi, hata mwenye nyumba akasirike. Na kitufe cha T kinabonyezwa kila mwezi. Kisipokata umeme, swichi imekufa, badilisha siku hiyohiyo.

Na hiyo hita ya kuogea inahitaji nini?

Soma wati zake. Ya wati 5400 kwa volti 230 inavuta ampia 23.5, na ukinzani wake ni omu 9.8. Plagi ya fyuzi ya 13 mwisho wake ni 13 × 230, yaani wati 2990, kwa hiyo hita hii haichomekwi soketini kwa namna yoyote. Inapewa njia yake yenyewe kutoka mein swichi, waya wa milimita mraba 6, breka ya ampia 32. Redio na taa ya mezani, kwa upande mwingine, zipe fyuzi ya ampia 3 kwenye plagi. 3 × 230 ni wati 690, zinawatosha na kubaki. Mafundi wengi wanaweka 13 kila mahali kwa kuwa ndiyo inayopatikana dukani. Agiza za 3, zipo.